Mlango wa Gari la Nahashon

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Saint Paul, Minnesota
Jumatatu, 15 Septemba 2025, saa nne asubuhi

Jina: Khalfan Seif Makame
Umri: miaka 54
Kazi: mwalimu wa historia, chuo cha jamii
Makazi: Maplewood

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilikuwa katika barabara ya Snelling, ndani ya gari la jirani yangu Nahashon Kiptoo. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kando yake. Tulikuwa safu ya kulia, gari la nne kutoka kwenye taa nyekundu. Magari yote yalikuwa yamesimama.

Niligeuka nyuma nikaona skuta nyeupe ikija polepole katikati ya safu mbili za magari.

Nilisoma Torino, Italia, miaka minne, na darasani nilikwenda kwa skuta. Kule skuta hupenya hadi mbele ya taa, na wenye magari huzisogezea. Nilimweleza Nahashon hayo. Nilimwambia pia kwamba jimbo hili limeruhusu jambo hilo tangu Julai, na kwamba mtu mmoja kujaza barabara kwa gari la viti saba ndio ushamba wenyewe. Gari lake lina viti saba.

Akasema, "Mwalimu, hapa si Italy. Mimi nimepanga laini, yeye apite kama nani?"

Nikamjibu kwamba wivu wa foleni ni ugonjwa.

Akasema, "Basi ngoja aone," akafungua mlango wake. Hakuwa akishuka. Mkanda alikuwa bado ameufunga.

Skuta iligonga ukingo wa mlango ikaanguka. Nilishuka. Mwendeshaji ni msichana niliyekuja kumjua kwa jina la Wema, amevaa sare ya nyumba ya kutunzia wazee. Alitusikia tukifokeana kwa Kiswahili, akasema, "Baba, nizimie injini kwanza." Nikaizima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda juu ya kifundo.

Watu watatu waliosimama pale waliniuliza skuta ilikuwa ikikimbia kiasi gani. Ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kuhusu mlango hakuna aliyeuliza.

Nahashon aliwaambia polisi kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mapema, kwamba alikuwa akiokota simu, na kwamba Wema ndiye aliyeuvamia. Simu yake ilikuwa kwenye kishikio mbele yetu, ikituonyesha njia. Neno hilo likisimama, mkosaji atakuwa Wema, na mkono uliovunjika ndio anaowainulia wazee wa watu kitandani.

Jana Nahashon alinipigia. Alisema, "Khalfan, sisi ni watu wa nyumbani. Sema tu hukuona. Wewe ukianza kuongea huwa huoni kitu."

Tumekuwa majirani miaka kumi na mmoja. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji, Nahashon alikesha nami hospitalini siku mbili. Nimemkasirikia, na nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilimchokoza na ningeweza kunyamaza. Lakini mlango ameufungua yeye.

Nilikuwa ninaongea, ni kweli. Na niliona.

Hayo ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari na sina la kupunguza.

Sahihi: K. S. Makame

Maandishi ya afisa: Yamechukuliwa na Afisa Timothy Lund kupitia mkalimani Keziah Mwende, kwa kuwa shahidi amechagua kuyatoa kwa Kiswahili. Shahidi amesomewa. Ameelezwa kwamba si lazima maneno yake mwenyewe kwa dereva yaandikwe. Amekataa yaondolewe.