Debe la Maji ya Chumvi

Mikindani, Jumamosi usiku

Na bado mikono inanuka chambo, ingawa nimeinawa mara tatu. Nimevua changu watano! Mimi, mwalimu wa Newala, ambaye hadi leo samaki nilimjua akiwa mkavu.

Aliyenipeleka ni Hamisi, mvuvi anayewapeleka Wazungu wa hoteli ya Boma kila Jumapili. Tulikaa kwenye maji mafupi karibu na mikoko, kila mtu na mshipi wake. Mtumbwi ulikuwa unavuja, akanipa kopo. "Mwalimu, toa maji." Nikatoa kwa bidii. Alipogeuka akakuta debe lake la kutilia samaki limejaa maji pomoni, nami nimelifunika kwa kofia yangu.

"Unamtunzia nani hayo?"

Mkono ulifanya wenyewe. Kwetu hata maji ya kunawa hayamwagwi, mbuzi anayangoja. Hamisi alicheka hadi mtumbwi ukayumba, na jioni kasimulia pwani nzima. Hilo limeniudhi. Si angesimulia wale changu!

Basi palepale mtumbwini nikamwaga debe lote baharini, kisha kopo baada ya kopo, mpaka nikaona raha, raha kama ya kuiba.

Halafu nikamkumbuka mke wangu, Mama Salome. Ana mimba ya miezi saba, na bado anateremka mlima alfajiri kufuata ndoo moja ya maji. Naogopa ile njia.

Jumatatu, nikiwa nyumbani, nitateremka mimi, debe kichwani. Wanaume wenzangu watacheka. Wacheke tu, kuchekwa nimeshajifunza leo.