Ufunguo wa Kibanda cha Darubini Hatutoi

Jumamosi. Upepo wa Makambako leo umenivua kofia mara mbili na kuuacha upara wangu hadharani. Hata hivyo nimerudi nyumbani Njombe na kiburi cha kijana.

Juzi mwenyekiti wa mtaa alitukuta tukipaka grisi magurudumu ya paa la kibanda chetu kule kilimani Makambako, lile tunalolisukuma pembeni ili darubini ione anga. Alikuja na neno moja: Jumatatu tukabidhi ufunguo, kibanda kiwe stoo ya parachichi.

"Mwalimu, mchana kutwa chumba kinakaa bure. Nyota zenyewe hazipo."

"Zinapumzika, Mwenyekiti, kama ofisi yako baada ya chai."

Ulimi wangu huu! Mama Sanga, nesi mstaafu anayeongoza klabu yetu ya watazama nyota, alinikanyaga mguu. Kisha akamsalimu kwa Kibena na kumjibu kwa upole unaotisha: "Kamwene, baba. Unataka watu mchana? Jumamosi utawaona."

Watu gani? Klabu nzima tunaenea kwenye bajaji moja.

Leo tukaielekeza darubini kwenye jua na kuweka karatasi nyeupe nyuma yake. Hakuna kuchungulia, jicho litaungua. Unatazama duara la mwanga kwenye karatasi. Mpaka saa nne tulikuwa sisi na mbuzi. Ikabidi nishuke barabarani kupiga kelele kama muuza mitumba. Wakaja wapakia mbao, wakaja akina mama wa sokoni na watoto mgongoni.

Mama mmoja akagusa doa jeusi. "Mwalimu, kioo chako kichafu."

Nikafuta kioo. Doa likabaki. Nikamwambia liko kwenye jua lenyewe.

"Kumbe jua nalo lina chunusi!" Akacheka mpaka mtoto akaamka, akaenda kumwita mumewe.

Mwenyekiti alipita na pikipiki, akaona foleni, akapunguza mwendo. Hakusimama. Jioni akatuma ujumbe: Jumatatu iko palepale.

Sawa.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nikipanda kile kilima tu nahema kama treni ya mizigo. Lakini mbao za kibanda kile tulichangishana, tukapigilia wenyewe, na vidole vyangu bado vinakumbuka. Parachichi zitapata chumba kingine. Sisi paa linalofunguka tutalipata wapi?

Shuleni nimeshaomba ruhusa. Jumatatu ofisini kwake siendi. Nitakuwa kilimani, paa wazi, ufunguo mfukoni mwangu. Akija na makreti yake ayaache nje, apange foleni kama wenzake.