Mama Ameelewa

Alhamisi, nyumbani Bomet

Afadhali ningemchagua jirani. Kozi ya mawasiliano, ambayo lazima niipite ndipo niendelee na utafiti wangu wa PhD, inataka nimweleze mtu wa kawaida kazi yangu kwa dakika tatu, kisha aandike kwa fomu kama ameelewa.

Nikamchagua Mama. Alichuma majani chai tangu nizaliwe, hadi mashine zikaletwa, yeye na wenzake wakaachishwa kazi.

Nikamwambia natafuta jinsi mashine itakavyochuma majani laini tu, kama mkono wa mtu.

Akaangalia vidole vyake. Ndivyo vilivyonisomesha.

“Kwa hivyo ni wewe unaifundisha?”

Nikamsogezea fomu. Ni mimi.

Akaniomba kalamu, akaandika polepole kwamba ameelewa vizuri. Kisha akaniuliza kama nimekula.