Pinki ya Karatasi za Krismasi

Hapana, mke wangu, lile sufuria la kuchemshia uzi sijaliuza. Najua ungeanza na hilo kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu. Lipo chini ya kitanda, mkono mmoja umekatika, na ndani bado lina ule wekundu usiotoka hata ulisugue na majivu. Shangazi alitaka kulipikia maharage siku ya arobaini yako. Nikamwambia sawa, pika, ila wageni wataondoka hapa na meno ya pinki. Akaliacha.

Wanaosoma wasishtuke. Wewe ni bibi yangu, mzaa baba, na umeniitaga mume wako tangu sijajua kufunga kaptula. Mume gani huyu, ulisemaga, analetewa uji na mke halafu analia hauna sukari.

Unakumbuka Januari zetu? Wenzetu Januari wanalia na mambo ya shule, wewe unasubiri kigango kivue mapambo ya Krismasi. Zile karatasi laini za mikunjo mikunjo, ukizivuta zinarefuka. Katekista alitakaga kuzichoma. Wewe unajitolea kufagia kanisa, unatoka na furushi kwenye kanga kama umebeba mtoto mchanga. "Rangi ya dukani ya nini," unaniambia, "na Mtoto Yesu ameshatuletea?"

Tukifika nyumbani Butiama, karatasi za pinki tunaziloweka kwenye maji ya moto. Rangi inaachia yote, karatasi inabaki nyeupe kama imeona polisi. Uzi wa kufumia unaingia, mimi nakoroga na fimbo ya mpera, wewe unachungulia.

"Bado. Hiyo pinki ya mgonjwa."

Nakoroga.

"Sasa. Toa, kabla haijawa na kiburi."

Mpaka leo sijui kiburi cha pinki kinaanzia wapi, lakini jicho langu linakijua.

Chumvi na kusuuza tulijifunza kwa aibu. Ile mara ya kwanza tulianika tu, ukafuma vitambaa vya makochi, ukatandika Jumapili asubuhi maana katekista alikuwa anapita kunywa chai kabla ya ibada. Akaja na baiskeli kutoka Buswahili, jua kali, shati jeupe limelowa mgongoni. Akaegemea kochi, akanywa chai, akasifu.

"Bibi, hivi vitambaa umeagiza wapi?"

"Vya hapahapa."

Akainuka kuondoka, na mgongoni ana ua la pinki, zima, na matundu yake yote. Nikataka kumwita, ukanibana mkono. "Mwache. Utamwambia nini?"

Kanisani tukakaa benchi la nyuma. Kila akigeukia altare, kwaya inapoteza sauti. Mimi natetemeka kwa kicheko, na wewe ukaninong'oneza bila kutikisa mdomo: "Acha ujinga. Karatasi ilikuwa mali ya kanisa. Si imerudi kanisani?"

Kuanzia hapo tukatia chumvi na ndimu ili rangi ishike, tukasuuza mpaka maji yatoke meupe. Na mwenye shati jeupe kwetu alipewaga stuli.

Sasa nije kwenye shida iliyoniandikisha. Umeondoka kiangazi hiki ukaacha kile kitambaa cha meza cha mdogo wangu Nyangeta. Pindo la pinki limezunguka pande tatu, upande wa nne mtupu. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwahidi, akiwa bado mtoto, kwamba siku akiolewa atakitandika kwa mkono wake kwenye meza ya mama mkwe, waone ametoka kwa watu. Anaolewa Suguti, mwezi ujao. Ananiambia, "Kaka, kiache tu. Nitageuza upande mbaya uangalie ukuta." Alisema anacheka, lakini alikuwa anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena.

Nikasema hapana, nitakimalizia. Uzi wa pinki wa dukani Musoma, ukiuweka pembeni ya wako, unapiga kelele kama tarumbeta. Nikaenda kigangoni, siku hizi wanapamba na plastiki ya kumetameta. Nilichemsha, ikatoa harufu tu. Nikajaribu rangi za maji za watoto wa shule, uzi ukatoka rangi ya mchuzi wa samaki furu. Nikavunja kalamu za wino mzito nikakamulia sufuriani, uzi ukakataa, mikono yangu ikakubali. Bunda, pale ninapouza mitumba, wateja wakaniuliza harusi ni yangu au.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake nikaja kwako kung'oa majani. Lile shada la karatasi walilokuwekea wanakwaya lilikuwa limelowa chapachapa, maua yameachia rangi, saruji yako yote pinki, imeshuka kutoka msalabani mpaka miguuni. Nikasimama. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Siyo ya mgonjwa, na haina kiburi. Nikacheka peke yangu makaburini mpaka mzee aliyekuwa anapita na ng'ombe akanisalimia kwa mbali, akaharakisha ng'ombe. Halafu nikalia. Kidogo tu, usivimbe kichwa.

Nikarudi Bunda kwa mama anayetengeneza mashada. "Pole, mwanangu, mmefiwa na nani tena?" Nikamwambia hakuna, mama, nataka karatasi ya harusi. Akaniangalia kama nimelewa, akanifungia karatasi za pinki.

Kufuma nitafuma mwenyewe. Si ulinifundisha, ukasema mke akinuna nisije nikakosa hata kofia? Nafanya mazoezi kibandani. Vijana wenzangu wananiuliza, "Magesa, mimba ina miezi mingapi?" Nawajibu ni mapacha.

Basi mke wangu, tukubaliane. Jumamosi nachemsha. Uzi unataka kutwa nzima ya upepo, na unajua mvua za huku, zinaingia bila hodi. Mimi nitakoroga, nitasuuza mpaka maji meupe, nitafuma upande wa nne, na siku yenyewe nitasimama kule Suguti karibu na ile meza, nimfukuze kila mwenye shati jeupe. Wewe kazi yako moja tu: nizuilie mvua Jumamosi mpaka uzi ukauke. Jumapili inyeshe inavyotaka.

Ukikubali, usinijie ndotoni, naogopa. Niwashie jua tu.

Ni mimi mumeo,
yule wa kulilia sukari.