Kufuli la Odhiambo

Jumatatu, 3 Februari

Maswali ya ligi yameingia kwenye simu saa sita kamili. Nilikuwa na suruali ya mtu kwenye cherehani. Mteja akasubiri. Maswali sita, nimepata manne. La mpira nimekosa, na Odhiambo aliliwekea kufuli. Najua huko aliko Bunda anacheka.

Kufuli ndilo utamu wa ligi hii. Ukipangwa na mtu, unachagua swali moja unaloamini atalikosa. Akikosa, pointi zake mbili ni zako. Kwa hiyo haitoshi kujua mambo. Lazima umjue mtu. Mimi nilimfunga kwenye la muziki wa dansi, naye akakosa vilevile. Sare.

Miaka minne tunacheza. Kabla ya hapo tulilala bweni moja, mimi nimetoka Butiama na Kizanaki changu, yeye na Kijaluo chake. Kiswahili tulikiokota pamoja, na viboko juu.

Alhamisi, 6 Februari

Majibu yalipofunuliwa jioni nimecheka peke yangu mpaka jirani wa duka la vifaa akachungulia. Swali: samaki gani wa ziwani hutunza mayai mdomoni? Odhiambo kajibu "ngege". Ni sato huyo, kwa Kijaluo. Msimamizi yuko Dar, atajuaje? Kampa sifuri.

Nimemtumia ujumbe: mwalimu mzima wa sayansi, mkiwa na njaa mnasahau hata lugha ya taifa. Hakujibu utani. Si kawaida yake.

Jumanne, 11 Februari

Swali: nini kinachofanya bahari ipwe na kujaa? Kaandika "dwe". Nikamwandikia msimamizi kwamba jibu ni sahihi, dwe ni mwezi. Kajibu kwa adabu: ligi ni ya Kiswahili.

Nimempigia Odhiambo. Nikamwambia aache dharau zake, pointi zinapotea. Halafu kasema, "Ndugu yangu, ile... ile ya juu." Nikamwuliza ya juu nini. Akakata.

Nilidhani ananitania. Nimeandika hivyo hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilicheka.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki nzima kapata matatu tu. Nairobi, Lusaka, Kampala. Majina ya miji hayana lugha. Mengine yote kaandika kwa Kijaluo au kaacha wazi.

Nimekosa mimi mwenyewe maswali rahisi. Kola ya shati la mteja nimeikata fupi. Kesho naenda Bunda.

Jumapili, 16 Februari

Kanipokea mlangoni vizuri. Mwili uko sawa, shati limepigwa pasi. Kaniita ndugu yangu. Baada ya hapo sentensi zake zilikuwa na mashimo. Anaanza, anafika katikati, anatazama mikono yake.

Nikamfuata mke wake, Mama Akinyi, jikoni, nikamwuliza hali hii imeanza lini. Kashangaa. "Shemeji, hapa ndani tunaongeaga Kijaluo tu. Kijaluo chake kiko sawa. Ningejuaje?"

Ni kweli. Tangu astaafu, Kiswahili chake chote kilikuwa kwangu na kwenye ligi. Mtu pekee wa kuona alikuwa mimi. Na mimi niliona nikacheka siku kumi. Nina hasira na nafsi yangu, sijui pa kuipeleka.

Jumatano, 26 Februari

Wamerudi kutoka hospitali Mwanza. Mama Akinyi kanipigia. Ubongo unasinyaa. Daktari kasema kwake yeye lugha aliyoipata shuleni ndiyo inatangulia kuondoka, ya mama inabaki nyuma. Inabaki kwa muda gani, hakusema. Dawa ya kurudisha hakuna.

Nimeuliza maswali mengi. Atajua watu? Atajua njia? Mama Akinyi anajibu, "Sijui, shemeji." Sijawahi kusikia jibu hilo mara nyingi hivyo kwa siku moja.

Mke wangu kaniambia tumwombee. Tumemwombea. Nimerudi kwenye cherehani, nimekanyaga bila kitambaa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho ya msimu. Wamenipanga na Odhiambo.

Nilitaka kujitoa. Nikaona kujitoa ni kumwambia kwamba amekwisha. Nikacheza. Kufuli ni lazima uliweke, fomu haiondoki bila hilo. Nimelishika kidoleni muda mrefu. Lile la dansi halikuwepo leo. Popote ningeliweka angekosa, na mji hata mmoja haukuulizwa. Nimeliweka kwenye swali la chumvi, kwa hasira tu, bila kuchagua.

Jioni majibu. Kajaza yote sita, hakuacha hata moja. Sita kwangu, kwake sifuri. Simu imeniwekea kikombe cha dhahabu kinachometameta. Nimeilaza kifudifudi.

Halafu nimeichukua nikaenda sokoni Nyasho kwa Mama Awuor, muuza dagaa, naye Mjaluo. Nikamwomba anisomee. Kapangusa mikono kwenye kanga, kasoma taratibu. Liech, tembo. Kich, nyuki. Remo, damu. Nyang', mamba. Nyinyo, chuma. Chumbi. "Si chumvi hiyo," kasema, "hata wewe ungeijua."

Mnyama mwenye mimba ndefu, mdudu anayewachezea wenzake kuwaonyesha maua, yote kapatia. Yote sita. Mimi la mamba nilibahatisha.

Mama Awuor kaniuliza ni mtihani wa nani huu, huyu mtu kafaulu sana. Nimesema ni wa rafiki yangu. Kanipimia dagaa, kaongeza. Nimelia njiani, sikujali nani kaniona.

Jumapili, 9 Machi

Bunda tena, baada ya ibada. Tumekaa sebuleni, yeye kwenye kochi lake. Kanijua. Kashika kola ya shati langu, kaigeuza, kaukagua mshono kama alivyokuwa akikagua bwenini sare zetu zilipochanika. Kaguna. Mshono umepita.

Halafu kaniuliza kitu. Sentensi ndefu, kwa Kijaluo, sauti imepanda mwishoni. Ni swali, hilo nimelijua. Kanitazama, kasubiri.

Mama Akinyi alikuwa jikoni. Ningeweza kumwita. Sikumwita, nimeulizwa mimi.

Nimesema ndiyo.

Katikisa kichwa polepole. Nimekosa. Kanisubiri kidogo tena, labda nijaribu, halafu kavuta chupa akanimiminia chai.

Kwenye kikombe changu kaweka sukari vijiko vitatu. Ndivyo ninavyokunywa.