Paa la Nyumba ya Uthman

Kismayo, Jumatatu

Kwa dada yangu mpenzi Mwanalima,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Mombasa ukiwa mzima, na goti lako limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi za nyumba ya kupanga. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Aboud anakusalimu sana, na duka letu la bodi na mabati linakwenda. Nimempa barua msafiri kwa sababu haya si mambo ya kusema kwenye simu, na mimi nikiwa na furaha sauti yangu huvuka ukuta.

Agizo lako nililipata. Ulitaka Uthman akija kununua bodi za nyumba yake mpya ya kisiwani Kudha nimuuzie zile za ndani, zinazovimba zikinywa maji, ili naye aamke siku moja godoro lake limelowa. Hukuwa na haja ya kunikumbusha. Nilikuwapo siku aliyokupa talaka tatu na kukutupia vitu uani mvua ikinyesha, mke mpya apate chumba kitupu. Mpaka leo naliona godoro lako likinywa maji, na mwanao Layla, bado mdogo, ameing'ang'ania leso yako, na babake akimbandua vidole kimoja kimoja ili abaki naye. Mtu yule sijamsamehe, wala sijajaribu.

Basi alikuja, na uso wake mkavu, akaniita shemeji kana kwamba hapakutokea kitu. Alikaa akaomba chai. Akanieleza kwamba ile nyumba ya zamani ameibomoa, mawe yake ameyatia kwenye msingi, na sasa anataka kuta za bodi na paa la bodi chini ya mabati. Layla wetu anakuja kuposwa na Tahir, mtoto wa Mwanabibi anayeuza vitambaa hapa mjini, na yeye Uthman, alisema, si mtu wa kupokea wageni wa Kismayo chini ya makuti.

Nilikuwa na mafungu mawili ya plaiwudi, yote mekundu usoni, ukiyatazama huyatofautishi. Moja gundi yake inavumilia maji, jingine ni la makabati. Alinitilia shaka, na hapo sina la kumlaumu. Alitaka nichemshe kipande cha kila fungu mbele ya macho yake, nami nikateleka sufuria. Muda wote maji yakichemka alikuwa akijisifia ile nyumba: madirisha yake, chumba chake kikubwa cha upande wa bahari, jinsi watu wa mjini watakavyorudi na habari zake. Kipande cha makabati kilifumuka kama chapati ya mafuta. Kile kingine kilitoka kama kilivyoingia. Akachagua, akaenda zake kutafuta misumari, akaniacha nimpakilie mwenyewe. Ningeweza kumpakilia fungu lolote nililotaka.

Dada, nilimpakilia lile zuri. Tena nilimfundisha fundi wake kupaka rangi kingo za kila bodi kabla ya kuigongomea, maana maji huingilia ukingoni, na karatasi ya lami aianzie chini ya paa apande nayo, ya juu iilalie ya chini. Alitaka kuzipaka bodi sifa, yale mafuta ya papa, kama baba alivyokuwa akipaka mashua. Nikamkataza, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta.

Najua barua umeitupa chini. Iokote.

Siku ya posa nilikwenda Kudha pamoja na jamaa za bwana harusi. Mvua ilishuka ile ya kuvunja miti, na mle ndani halikudondoka hata tone. Uthman alikuwa akiwaonyesha wageni dari kwa kidole. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, pazia katikati, na kila neno la wanaume tulilisikia. Ami yake Tahir akauliza kwa adabu nyumba ya bibi arusi iko wapi, kwa kuwa wao wamesikia kwamba watu wa visiwani hawamwozi binti yao bila ya kumpa nyumba yake. Uthman angeweza kusema atamjengea baadaye. Lakini sheikh yupo, wageni wa mjini wapo, na yeye amekwisha kujisifu mno. Akasema nyumba ya Layla ni hii waliyokaa, ameshampa, kuta zake na paa lake. Sheikh akamuuliza kama anatoa kwa moyo wake. Akasema ndiyo, na ili aonekane mkubwa zaidi akampitishia Layla ufunguo chini ya pazia, nadhani akitarajia kurudishiwa baada ya kahawa. Layla aliufunga kwenye pindo la leso yake. Harusi imepita na hajaufungua.

Sasa nikuungamie, kwa kuwa nilikuvunjia agizo na sikukuambia. Swali lile la ami nililipanda mimi. Siku ile ile Uthman alipoondoka dukani nilikwenda kwa Mwanabibi nikamkumbusha desturi yetu, nikamwambia asikubali ahadi, aulize mbele ya watu. Wazo lenyewe lilinijia sufuria ikichemka. Ningekuuzia wewe mwenyewe bodi za makabati, Mwanalima? Ile ni nyumba ya mwanao, na chumba cha upande wa bahari Layla anasema ni cha mamake. Amenituma nikuambie uje, na uingie kwa mlango wa mbele.

Sheikh nimeshamuuliza. Alinijibu kwamba wewe na Uthman, baada ya talaka tatu, ni watu baki, hamwezi kukaa nyumba moja, na anayebaki ni yule anayetakwa na mwenye nyumba. Nyumba ya zamani ameivunja kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe amekwisha kutangulia kwa wazee wake huko Fuma. Layla amemwambia babake, kwa heshima zote, ahamishe vitu vyake kabla hujafika, na ikiwa ana neno na binti yake atapiga hodi nje kama watu wengine. Kujibu au kutojibu itakuwa hiari yako. Mimi nisingejibu upesi.

Layla na Tahir wanakubusu mikono, Aboud naye anakusalimu tena, na majirani wote wanaokukumbuka. Mungu akufikishe salama. Ila usichelewe, dada, njoo mvua hizi zingali zikinyesha. Godoro la Uthman liko uani tangu jana.

Ni mimi mdogo wako,
Barke