Hodi Kwenye Mlango wa Noah

Mkuza, Kibaha

Mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, na mihogo ya shambani imekubali.

Unauliza utajuaje kama huyo mchumba anakufaa. Mimi nitakusimulia safari tu.

Mume wetu, yaani babu yako, alipostaafu aling'oa viti vya gari lake la Noah, akatandika godoro, tukaenda Mbeya na kurudi. Wiki nzima tulilala humo. Kila akitoka kuchota maji, mlango uko wazi, ananiona kabisa nasuka nywele, lakini anasimama nje: "Hodi!" Haingii mpaka niseme karibu.

Nikamcheka. "Mzee, si gari lako mwenyewe hilo?"

"Gari langu, lakini wewe umo ndani."

Nikakumbuka chumba chetu cha kwanza kule Msimbu, tulipokuwa vijana. Mlango ulikuwa pazia la khanga tu, na hapo pia alisimama nje akabisha.

Huyo wako sijamwona, siwezi kumsemea. Ila mimi, hadi leo, nikisikia ile hodi najitengeneza khanga kwanza, ndipo naitikia karibu.

Bibi yako